Nusu Gramu ya Nikeli: Metali Zinazoshika Vifaa vya Umeme Uvira

Taa ya kuvulia ndagala ikizimika katikati ya Ziwa Tanganyika, lawama hufuata mpangilio unaojulikana: kwanza betri, kisha paneli ya sola, kisha muuzaji, mwishowe kiwanda cha ng'ambo. Kiungo cha lehemu hakitajwi na mtu. Lakini fundi wa Mulongwe au Kalundu, mjini Uvira, akiifungua taa hiyo mezani, si mara chache anakuta betri ina chaji na balbu ni nzima. Kilichoachana ni tone la metali lisilozidi upana wa milimita 2, pale waya unapokutana na bodi.

Ndani ya tone hilo hukutana metali kadhaa: bati, shaba, pengine risasi, fedha, nikeli, bismuti au dhahabu. Kila moja ina kazi yake, na ukubwa wa kazi haulingani na uzito. Bati hujaza karibu kiungo chote. Nikeli, katika lehemu zinazoitumia, ni nusu gramu tu kwa kilo nzima, na nusu gramu hiyo inaweza kuamua kiungo kidumu au kipasuke.

Kwa Uvira jambo hili si la vitabuni, kwa kuwa mji huu unakaa kwenye ncha mbili za safari moja. Milima ya Kivu ya Kusini iliyo nyuma yake hutoa kasiteriti, yaani mawe ya bati, na nusu hivi ya bati yote inayotumika duniani huishia kwenye lehemu. Miaka baadaye vifaa vilivyoungwa kwa bati hiyo hurudi kwenye meza za mafundi wa mji vikiwa vimeharibika. Kati ya ncha hizo mbili kuna kitu ambacho eneo hili halijakishika, nacho ni kipimo. Thamani ya lehemu imo zaidi katika gramu zilizopimwa kuliko katika tani zilizochimbwa. Sisi tunauza tani, halafu tunanunua waya ambao hatujui ndani yake mna nini.

Bati hula shaba

Watu wengi huichukulia lehemu kama gundi ya metali. Gundi hukaa juu ya kitu na kukishika. Bati iliyoyeyuka hufanya zaidi ya hapo: huingia kwenye uso wa shaba, huila kidogo, kisha huzaa nayo kitu cha tatu, mwungano ambao kwa kila atomi 6 za shaba una atomi 5 za bati. Tabaka la mwungano huu lina unene wa maikromita chache. Ni gumu kuliko bati na kuliko shaba, na kama vitu vingi vigumu, hupasuka badala ya kupinda.

Kulehemu vizuri ni kulipata tabaka hilo na kulizuia lisinenepe. Lisipotokea kabisa, lehemu hukaa juu ya shaba kama tone la maji juu ya jani la muhogo, na waya huchomoka ukivutwa. Likizidi unene, kiungo huonekana kizuri siku ya kwanza, kisha hupasuka kwa mtikisiko. Sekunde 2 au 3 za joto zinatosha kwa kiungo cha kawaida. Fundi akikiacha chuma cha kulehemia juu ya bodi kwa muda mrefu, au akirudia sehemu ileile mara nyingi, bati huendelea kuila shaba mpaka njia nyembamba ya umeme inatoweka. Husemwa kwamba bodi imeungua. Mara nyingine haikuungua: shaba yake imeliwa.

Bati safi huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi, na risasi kwenye nyuzi 327. Mtu angetarajia mchanganyiko wa hizo mbili uyeyuke mahali fulani katikati. Haiwi hivyo. Sehemu 63 za bati na sehemu 37 za risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183, chini ya metali zote mbili, na mchanganyiko huo hutoka kwenye hali ya kimiminika kuingia kwenye ugumu papo hapo, bila kupita hatua ya uji. Faida yake ni kubwa kwa mtu mwenye mkono mmoja kwenye waya na mwingine kwenye chuma cha moto, maana kiungo hakina muda wa kutikiswa kikiwa nusu kigumu. Lehemu ya 60 kwa 40, iliyozoeleka sana madukani, hukaribia sifa hiyo, ila ina kipindi kifupi cha uji kati ya nyuzi 183 na 190 hivi.

Risasi yenyewe haiungani na shaba. Kazi yake ilikuwa kushusha joto, kusaidia lehemu itambae, kuifanya laini iweze kuvumilia kupanuka na kusinyaa, na kupunguza bei. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 hakuna aliyetafuta kingine.

Gramu zilizochukua nafasi ya risasi

Tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulianza kutekeleza kanuni ya kuzuia risasi katika vifaa vingi vya umeme vinavyouzwa kwenye soko lake. Sababu ilikuwa afya: vifaa vilivyotupwa hufikisha risasi ardhini na majini, na risasi huharibu ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Viwanda vikubwa havitengenezi simu za aina mbili, moja ya Ulaya na nyingine ya Afrika, na hivyo kanuni iliyoandikwa Brussels ilifika hadi kwenye simu zinazouzwa Bujumbura, Kigoma na Uvira.

Lehemu iliyotawala baada ya hapo ina bati asilimia 96.5, fedha asilimia 3 na shaba asilimia 0.5. Katika kilo moja hiyo ni gramu 965 za bati, 30 za fedha na 5 za shaba. Huyeyuka kati ya nyuzi 217 na 220, takriban nyuzi 35 juu ya ile ya zamani. Fedha huipa nguvu na uwezo wa kustahimili joto linalopanda na kushuka. Tatizo lake ni bei. Kilo ya fedha ni ghali mara nyingi kuliko kilo ya bati, na gramu 30 hizo hubeba sehemu kubwa ya gharama ya lehemu nzima.

Watengenezaji wa redio, chaja na taa za bei nafuu walitafuta njia ya kuikwepa fedha. Jibu la wazi lilikuwa bati na shaba peke yake: asilimia 99.3 kwa 0.7, inayoyeyuka kwenye nyuzi 227. Lehemu hiyo ni rahisi kununua na ngumu kufanyia kazi. Hutiririka vibaya, huacha miiba kwenye ncha za viungo, huunganisha njia mbili zisizopaswa kugusana, na ikipoa uso wake hukwaruza.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Tetsuro Nishimura wa kampuni ya Nihon Superior nchini Japani aligundua kwamba nikeli kidogo mno, karibu asilimia 0.05, huiponya lehemu hiyo. Katika kilo moja huwa na gramu 7 za shaba na nusu gramu ya nikeli. Zilizobaki ni bati, pamoja na chembe za gerimani zinazopunguza utando wa oksidi. Miiba hupungua, lehemu hutambaa vizuri, na uso hung'aa.

Sababu ya ndani ilikuja kuelezwa baadaye. Tabaka lile la mwungano wa shaba na bati lina tabia ya kubadilisha mpangilio wa atomi zake linapopoa chini ya nyuzi 186 hivi. Mabadiliko hayo huambatana na mabadiliko ya ujazo, na kitu kigumu kinachobadilisha ujazo hujipasua chenyewe. Mwaka 2008 Kazuhiro Nogita wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, pamoja na Nishimura walionyesha kwamba atomi za nikeli zikiingia kwenye tabaka hilo, mpangilio wa awali hubaki palepale hata likipoa. Nikeli pia hupunguza kasi ya bati kuila shaba ya bodi. Nusu gramu imefanya kazi mbili, bila gramu 30 za fedha.

Nikeli isiyoonekana

Ndani ya lehemu ni mahali pamoja tu. Ukikifuata kifaa kizima, nikeli inatokea karibu kila kona, na kila mara kazi yake ina sura ileile: kukaa katikati na kuzuia metali mbili zisidhuriane.

Tazama bodi ya simu yenye madoa ya rangi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ni nyembamba kupita kiasi, mara nyingi maikromita 0.05 hadi 0.1. Chini yake kuna nikeli ya maikromita 3 hadi 6, na chini ya nikeli ndiyo shaba. Lehemu ya moto ikigusa, dhahabu huyeyuka ndani yake kwa kufumba na kufumbua. Kiungo chenyewe hushikana na nikeli, ambayo huliwa na bati polepole sana kuliko shaba. Dhahabu iliwekwa kuilinda nikeli isishike oksidi wakati wa kungoja kiwandani. Fundi anayekwangua doa la dhahabu kwa wembe ili "kulisafisha" huifichua nikeli kwa hewa, na nikeli yenye oksidi hukataa lehemu. Kisha huongeza joto na muda, na tatizo huwa kubwa zaidi.

Katika kapasita ndogo za mraba, ambazo simu moja ya kisasa hubeba kwa mamia, ncha zote mbili zina tabaka la nikeli lililofunikwa kwa bati. Bila nikeli hiyo, lehemu ingeila metali ya ncha na kuiacha kapasita ikiwa kipande cha kauri kisicho na mlango wa umeme. Kwenye miguu ya chipu, nikeli chini ya bati hupunguza tatizo jingine lililorudi baada ya risasi kuondoka: bati safi huweza kuotesha nywele nyembamba za metali zinazovuka hadi mguu wa jirani na kuunganisha kisichofaa kuunganishwa. Risasi ilikuwa ikizizuia.

Kisha kuna betri, na hapa ndipo nikeli inapokutana moja kwa moja na uchumi wa Uvira. Taa za wavuvi, pampu, redio na mifumo midogo ya sola hutumia seli za litiamu zilizounganishwa kwa vibapa, yaani vipande bapa vya metali. Kibapa kizuri ni cha nikeli tupu: hakishiki kutu kwa urahisi, na huchomelewa kwa cheche kwenye seli kwa sekunde moja au chini yake bila kuipasha joto ndani. Shaba hupitisha umeme mara nne hivi zaidi ya nikeli, lakini hutawanya joto haraka mno kwa mashine ndogo za kuchomelea. Sokoni huuzwa pia vibapa vya chuma vilivyopakwa nikeli kwa juu, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Sumaku haisaidii, kwa kuwa hushika chuma na hushika nikeli pia. Kipimo kinachofaa ni rahisi: kwaruza kibapa mpaka ndani, kitie kwenye maji ya chumvi usiku mzima. Asubuhi chuma kitakuwa na kutu ya kahawia, nikeli itakuwa safi. Kwenye mtumbwi, kibapa cha chuma hupitisha umeme kwa shida, hupata joto, kisha hushika kutu; mvuvi hulaumu seli.

Hata chuma cha kulehemia hakikosi nikeli. Waya wa joto ndani ya vyuma vingi vya bei nafuu ni aloi ya nikeli na kromu, inayovumilia wekundu wa moto bila kuungua.

Meza ya Uvira na vizazi viwili vya lehemu

Kiwandani, joto, muda na aina ya lehemu vyote vimeandikwa. Mezani mambo hayo matatu huyumba. Umeme wa shirika la SNEL, unaotoka kwenye mitambo ya Mto Ruzizi, hupanda na kushuka, na chuma kisicho na kidhibiti hupanda na kushuka nao. Waya wa lehemu hufika kwa njia ya bidhaa nyingine: meli kutoka Kigoma hadi bandari ya Kalundu, au barabara ya Bujumbura kupitia Gatumba na Kavimvira. Huuzwa kwa vipande, umekwisha kutolewa kwenye kibandiko chake, na mnunuzi hupewa jina moja tu: lehemu.

Kwa hiyo kwenye kiungo kimoja hukutana vizazi viwili. Kifaa kimetoka kiwandani na lehemu isiyo na risasi. Fundi huongeza yenye risasi. Mara nyingi mchanganyiko huo hufanya kazi, na fundi ana sababu nzuri ya kuupenda: unayeyuka chini zaidi na kuihurumia bodi. Hatari imo kwenye bismuti. Bodi nyingi za LED huunganishwa kwa lehemu ya sehemu 42 za bati na 58 za bismuti, inayoyeyuka kwenye nyuzi 138. Ukiiongezea risasi, unaweza kupata mchanganyiko wa metali tatu unaoanza kuyeyuka kwenye nyuzi 96 hivi, chini ya maji yanayochemka ufukweni. Bodi ya taa kali isiyopoa vizuri inaweza kukikaribia kiwango hicho, na kiungo kikaanza kulegea taa ikiwa inawaka. Kwa taa za LED, kanuni salama ni kuondoa lehemu ya zamani yote kabla ya kutia mpya.

Fundi mwenye chuma chenye kidhibiti cha joto anaweza kuutambua waya asioujua. Akikiweka kwenye nyuzi 200, lehemu ya bati na risasi huyeyuka. Ile ya bati na shaba, au ya bati, fedha na shaba, hubaki ngumu. Ikiyeyuka kwa wepesi kwenye nyuzi 150, ina bismuti. Kipimo hiki hakimwambii kama nusu gramu ya nikeli imo, lakini kinamtoa gizani.

Flaksi, yaani dawa ya kusafisha metali wakati wa kulehemu, nayo ina ukoo wake. Ile inayotokana na utomvu wa msonobari huondoa oksidi kwenye shaba na bati, na mabaki yake hayadhuru sana. Ikishindwa mbele ya chuma au nikeli iliyochakaa, wengine hutumia asidi ya mafundi wa bomba. Kiungo hushika hapo hapo, kisha asidi iliyobaki huendelea kuila shaba kwa majuma, hasa kwenye unyevu wa ziwani. Mafuriko ya Mto Mulongwe ya Aprili 2020, yaliyoua watu na kubomoa nyumba nyingi mjini, yalifikisha mezani vifaa vingi vilivyolowa matope. Katika kifaa kilicholowa huku betri imeunganishwa, umeme husafirisha bati na fedha kupitia maji na kuziotesha kama matawi kati ya njia mbili. Kuchomoa betri kwanza, kabla ya kukausha, kunaokoa zaidi ya lehemu yoyote.

Kuhusu afya, hofu huwekwa mahali pasipo pake. Kwenye joto la kulehemu risasi haigeuki mvuke kwa kiasi cha kutisha. Moshi unaoonekana ni wa flaksi, na huo huwasha mapafu na kuweza kuleta pumu. Risasi huingia kwa mikono: chembe kwenye vidole, vidole kwenye sahani ya ugali, vumbi la mezani kwenye mikeka ya watoto. Maji na sabuni kabla ya kula, na meza isiyokuwa chumba cha kulala, ndiyo kinga ya kwanza.

Mfuko una namba, waya hauna

Geuza sasa uso kutoka ziwani kwenda milimani. Kasiteriti ya Kivu na Maniema ilianza kuchimbwa kwa wingi enzi ya Wabelgiji. Kampuni ya Symétain iliundwa mwaka 1932, na mwaka 1976 makampuni ya eneo hilo yaliunganishwa kuwa SOMINKI. Oktoba 1985 Baraza la Kimataifa la Bati lililokuwa likishikilia bei lilifilisika, bei ikaanguka, na migodi ya kampuni ikaanza kufa. Iliyobaki ilishikwa na wachimbaji wadogo, kisha na wenye bunduki, simu za mkononi zilipoipandisha tena thamani ya mawe hayo.

Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 huzitaka kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko lake la hisa kueleza chanzo cha bati, tantali, tungsteni na dhahabu zao. Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011. Nchi za Kongamano la Kimataifa la Maziwa Makuu, ambalo sekretarieti yake iko Bujumbura, upande wa pili wa mpaka wa Kavimvira, zilikubaliana kuwa na cheti cha pamoja cha madini. Mwaka 2012 mradi wa bati isiyo ya vita ulianza kwenye mgodi wa Kalimbi, Nyabibwe, wilayani Kalehe, kwa msaada wa Uholanzi na kampuni kama Philips na Tata Steel. Bati yake iliingia kwenye lehemu ya simu ya kwanza ya Fairphone mwaka 2013. Ulaya ikafuata na kanuni yake iliyoanza kutumika Januari 2021.

Mifumo hii ilijengwa juu ya lebo. Mfuko wa kasiteriti hufungwa kibandiko chenye namba mgodini, namba huandikwa daftarini, kisha hufuata mfuko hadi tanuruni. Mapungufu yake yamejadiliwa sana: lebo huuzwa, mawe ya mgodi mmoja huingia kwenye mfuko wa mwingine, na mchimbaji ndiye anayekatwa bei kulipia gharama. Vita navyo havisomi lebo. Nyabibwe ilitekwa na waasi wa M23 mwanzoni mwa Februari 2025, Bukavu, mji mkuu wa jimbo, ikafuata siku chache baadaye, na Uvira ikageuka makao ya muda ya serikali ya jimbo. Mgodi mkubwa wa kisasa wa Bisie, Walikale, uliotoa zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024, ulisimamisha kazi Machi 2025 mapigano yalipokaribia, ukarejea Aprili.

Kuna jambo ambalo mjadala huo hauligusi. Juhudi zote za lebo zinatazama upande mmoja: mnunuzi wa Ulaya au Marekani ajue jiwe limetoka wapi. Upande wa pili hauna mtetezi. Bati ileile ikirudi ikiwa waya, haina jina la aloi, haielezi kama ina risasi, wala haisemi inayeyuka kwa joto gani. Fundi wa Uvira, aliye karibu na mgodi kuliko mnunuzi yeyote kwenye mnyororo huo, ndiye anayejua machache zaidi kuhusu anachokishika.

Tanuru au kipimo?

Jibu linalosikika zaidi kwenye mikutano ni tanuru: tuache kuuza mawe, tuyeyushe wenyewe. Historia inaliunga mkono kiasi. Manono, katika jimbo la leo la Tanganyika, bati iliwahi kuyeyushwa enzi ya kampuni ya Géomines. Kigali ina tanuru la bati huko Karuruma. Kasiteriti safi ni karibu asilimia 79 bati, na oksijeni yake huondolewa kwa kaboni kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Hakuna siri ndani yake.

Ugumu uko kwingine. Tanuru hutaka mawe yasiyokatika, umeme au makaa yasiyokatika, na usalama wa barabara. Kivu ya sasa haiwezi kuahidi hata kimoja. Tena bati ya tanuru si lehemu bado. Lazima isafishwe risasi, aseniki na chuma, kisha ichanganywe kwa gramu halisi, na mnunuzi aamini cheti kinachosema hivyo. Viwanda vya Asia havikushinda kwa moto. Vilishinda kwa maabara.

Nikeli inalionyesha jambo hilo kuliko bati. Ng'ambo ya bonde la Ruzizi, kusini-mashariki mwa Burundi, uko Musongati, mojawapo ya maeneo makubwa ya nikeli yasiyochimbwa. Karibu na hapo, wilayani Ngara nchini Tanzania, uko Kabanga, ambao serikali na wawekezaji walitia saini mkataba wake Januari 2021 pamoja na mpango wa kiwanda cha kusafishia huko Kahama. Reli ya Uvinza hadi Musongati inakusudiwa kubeba mzigo huo. Nikeli hiyo italengwa kwenye betri za magari na chuma kisichoshika kutu, na hata ikitoka yote, haitabadilisha kiungo kimoja Uvira. Tani moja ya nikeli inatosha kuchanganya tani 2,000 za lehemu ya Nishimura. Upungufu wetu haujawahi kuwa nikeli. Upungufu ni wa mtu mwenye mizani na kifaa cha kuhakikisha kwamba nusu gramu imo.

Ndiyo maana ningeanza na hatua ndogo kuliko tanuru, na ngumu kuipuuza. Ofisi ya Udhibiti ya Kongo, OCC, tayari inakagua bidhaa Kavimvira na Kalundu. Iweke sharti moja kwa lehemu na vibapa vya betri vinavyoingia: kila rola iwe na kibandiko kinachotaja metali zake kwa asilimia na joto lake la kuyeyuka, na sampuli zipimwe kwa kifaa cha mkononi cha miale ya eksi, cha aina inayotumiwa na wanunuzi wa madini kupima kasiteriti. Shule za ufundi nazo zifundishe jedwali dogo la nyuzi 138, 183, 217 na 227 kama zinavyofundisha alama za nyaya za umeme. Hatua ya tatu ni ya mafundi wenyewe: kununua kwa pamoja rola nzima yenye kibandiko chake, badala ya kila mmoja kununua vipande visivyo na jina. Rola moja ya nusu kilo hutosha viungo vingi sana, na gharama ikigawanywa hupungua.

Hatua hizi hazitamaliza vita vya Kalehe wala kupandisha bei ya mchimbaji wa Nyabibwe. Zina faida nyingine: hazihitaji amani ya nchi nzima ili zianze, na zinalea watu wanaojua kupima metali kwa sehemu ya gramu. Eneo likishakuwa na watu hao, hoja ya tanuru inaweza kurudi mezani na kujadiliwa kwa hesabu. Likikosa, hata tanuru likijengwa kesho litatoa vipande vya bati visivyo na cheti, na vitasafirishwa kwa bei ya chini kwenda kuchanganywa kwingine, kama mawe yanavyosafirishwa leo.